Kamati ya Safari ya Majani

Mume wangu alikuwa karani katika ofisi za kaunsili, yaani serikali ya mtaa, kaskazini ya London, na meza ya pili yake alikaa bibi mmoja wa Kiingereza ambaye kila mwezi wa kumi alichukua likizo ya wiki nzima kwenda kutazama majani. Yeye na mumewe walipanda gari yao wakaenda mpaka Skotland, wakapita misituni polepole wakiangalia majani ya miti yanavyogeuka manjano na mekundu kabla ya kupukutika, kisha wakarudi. Hawakuwa na jamaa huko. Hawakununua kitu wala hawakuuza kitu. Waliyatazama majani, basi.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, bibi huyo alirudi kutoka likizo akampangia mume wangu picha zake mezani, moja moja, kama mtu anayegawa karata. Halafu akamwuliza yeye huenda kuyatazama wapi. Mume wangu akasema hajapata kwenda popote.

"Miaka kumi na minane uko nchi hii," bibi akamwambia, "na bado hujaiona vuli?"

Hakumtukana. Nafikiri alimwonea huruma tu, na huruma ya Mwingereza ndicho kitu ambacho mume wangu hakupata kukimeza. Alirudi nyumbani kwetu Tottenham uso umemshuka, nikadhani kafukuzwa kazi. Chai hakuigusa. Alikaa na koti lake mwilini, akatutangazia: "Mwakani tunakwenda kuiona vuli."

Mama yake, aliyekuwa amekuja kutoka Unguja kuishi nasi, alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Hakuinua macho.

"Vuli gani?"

"Vuli ya huku, Mama."

"Vuli ni mvua," akasema. "Mvua si hiyo hapo dirishani?"

Neno lenyewe ndilo lililoleta matata. Kwetu vuli ni mvua ndogo, ni wakati wa kupanda. Vitabu vya shule ndivyo vilivyoamua kuwa na Waingereza nao wana vuli yao, wakati ambapo hakipandwi kitu na kila kitu kinakufa. Kwa hiyo Mama alielewa kwamba mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, anataka kusafiri wiki nzima kuifuata mvua, na akamwombea dua kimyakimya.

Mtu mwingine angengoja mwezi wa kumi ufike, akapakia watu garini, akaondoka. Mume wangu alianza kupanga mwezi wa kumi na moja, safari ikiwa bado miezi kumi na moja. Alinunua kitabu kinene cha ramani za barabara, faili la buluu lenye mifuko ya nailoni, na kalamu za rangi nne. Kisha akaunda kamati. Watu wetu tuna maradhi ya kamati. Wazanzibari watatu wakikutana London, wa nne hukuta tayari pana mwenyekiti, katibu na mshika fedha, na wawili kati yao wameshanuniana.

Kamati yetu ilikutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya kula. Mume wangu alikuwa mwenyekiti na katibu kwa pamoja. Wajumbe tulikuwa mimi, Mama, na binti yetu wa miaka kumi na minne, ambaye Kiswahili chote anakisikia lakini akijibu hujibu kwa Kiingereza. Ajenda ilichapwa kazini na kugawiwa nakala, ya Mama ikiwa na herufi kubwa kwa sababu ya macho yake. Jambo la kwanza kwenye karatasi lilikuwa "Dhumuni la safari."

Mama akaomba kusema. Mwenyekiti akamruhusu.

"Mimi najua watu husafiri kwa harusi," akasema Mama. "Husafiri kwa msiba. Husafiri kutafuta, na husafiri kukimbia, na wewe mwanangu hiyo ya kukimbia unaijua. Hii yenu ni ipi?"

"Hii ni starehe, Mama."

"Starehe ya kutazama majani yanakata roho."

"Wenzetu wanayapenda."

"Wenzenu wanapenda na mbwa kitandani."

Binti yetu akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba majani yapo kwenye bustani ya mwisho wa mtaa, na kuyatazama ni bure.

"Yale ya kaunsili," mume wangu akamjibu, kwa dharau ya mtu ambaye kaunsili ndiyo iliyomlisha miaka yote hiyo. Tukapita kwenye jambo la pili.

Na mimi nisijitie usafi. Ningeweza kuizima safari ile mwanzoni kwa kununa siku mbili tu. Mume wangu hakuwa mtu wa kustahamili kununiwa. Sikuizima kwa sababu niliitaka. Dada yangu, anayekaa Woolwich, alikuwa kila mwaka anakwenda Dubai na kurudi na bangili na hadithi zisizokwisha, na mimi nilichoka kuwa msikilizaji. Nilitaka safari ambayo hataweza kuijibu. Siku nilipompigia simu kumwambia tunakwenda Skotland wiki nzima kuangalia miti, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Nani mgonjwa?"

Hakuna aliyetuamini. Mpaka kiangazi kinafika, habari zetu zilikuwa zimezunguka London yote. Wengine walisema tumenunua nyumba Skotland na tunaficha. Wengine walisema tunakwenda kumwona mchumba wa binti yetu. Mama mmoja ninayekutana naye misibani alinishika mkono sokoni akaniambia anajua kuwa mume wangu ana maradhi ya damu na kwamba huko kuna daktari, na akaniombea. Nilipomwambia tunakwenda kutazama majani, akanitazama kwa uchungu, akaniambia, "Usiniambie kama hutaki." Wiki ya pili yake akaja na kifurushi cha dagaa wakavu tumfikishie binamu yake Glasgow. Mume wangu alikipokea, akaiandika anwani kwenye faili, kwa kalamu ya kijani.

Kazi iliyomchosha kuliko zote ilikuwa kutafuta mahali pa kulala. Mume wangu ana Kiingereza cha aina mbili, cha kusema na cha simu, na hicho cha simu humtokea puani. Alikuwa amepata kitabu cha nyumba za wageni, zile ambazo mwenye nyumba anakukodisha chumba na asubuhi anakupikia mayai. Akachagua moja iliyo kando ya ziwa, karibu na mji wa Perth, akapiga. Alitukalisha sote tumsikilize. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke, na sauti yake tuliisikia mpaka tulipokaa. Vyumba viwili kwa siku tatu? Vipo, karibuni sana. Jina nani, bwana?

Mume wangu akalitaja jina lake, na kwa kuwa kwetu mtu ana majina matatu, lake na la baba yake na la babu yake, akayataja yote na kuyatamka herufi moja moja. Alipofika kwenye babu, vyumba vilikuwa vimejaa.

Akaipigia nyumba ya pili. Kule walijaa kwenye baba. Nyumba ya tatu ilimwuliza kama tunapika vitu vyenye harufu. Ya nne ilisema itampigia, na mpaka leo haijapiga.

Binti yetu alikuwa amelala chali kwenye zulia anaangalia televisheni bila sauti. Akainuka, akamnyang'anya baba yake simu kwa upole, akaipigia ile nyumba ya kwanza. Sijapata kumsikia mwanangu akisema Kiingereza kile. Sijui alikiweka wapi. Akaomba vyumba viwili, siku zilezile. Alipoulizwa jina, akalitaja jina la mtaa wetu, ambalo kwa bahati limekaa kama jina la bwana mmoja mwenye farasi. Vyumba vikapatikana. Akaulizwa kama wazazi wake wangependelea vile vinavyotazama ziwa.

Aliweka simu, akarudi kwenye zulia lake. Kisha mume wangu akasema yeye hawezi kulala kwa jina la mtaa.

Mama akataka aelezwe. Nikamweleza, pamoja na ile habari ya vyumba kujaa kwenye majina ya wazee wetu. Akafikiri.

"Jina la mtaa si haramu," akasema. "Na babu yako angecheka. Andika."

Akaandika, lakini kwa kalamu ya risasi.

Suala la chakula lilichukua vikao vitatu. Mume wangu alikuwa amepanga sandwichi siku zote saba, kwa zamu: mayai, jibini, samaki wa kopo, mayai tena. Aliona kwamba watu wanaotazama majani hula sandwichi, wamekaa kwenye blanketi. Mama akasema hakuufikia umri wake ili aje kula mkate baridi na jibini baridi juu ya mlima wa baridi. Kura ikapigwa na mwenyekiti akashindwa. Wiki ya safari, mimi na Mama tukavuka London nzima kwenda Tooting, ijapokuwa kila tulichokihitaji kilikuwa madukani Tottenham, kwa sababu Tooting kulikuwa na mwenye duka Mhindi wa Mombasa ambaye Mama aliweza kumgombeza kwa Kiswahili kuhusu bei ya hiliki. Tulipika siku mbili. Kuku wa kukaanga, katlesi, sambusa, chapati, visheti vya ndoo nzima. Sanduku la chakula likawa kubwa kuliko begi la nguo la mtu yeyote kati yetu.

Sasa nifike kwenye dereva.

Faili lilikuwa na ukurasa wa majukumu. Juu kabisa, kwa wino mwekundu, paliandikwa: Dereva, Baba. Chini yake: Msoma ramani, Mama, yaani mimi. Chakula, Bibi. Picha, mtoto. Ukurasa huu ulipitishwa kwenye kikao cha kwanza na kuthibitishwa vikao vyote vilivyofuata, na mimi kila mara nilinyoosha mkono kuukubali.

Mume wangu alikuwa hajapata kuendesha gari Uingereza hata siku moja. Kazini alikwenda kwa treni ya chini ya ardhi. Alikuwa na leseni ya Zanzibar, kitabu kidogo chenye picha ya kijana mwenye nywele nyingi, aliyoipata akiendesha gari ya shamba ya mjomba wake kabla ya kuondoka nchini. Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa natunza wazee kwenye kituo chao cha mchana, na kila asubuhi kwa miaka sita nililizungusha basi la kituo Tottenham nzima kuwachukua wazee kumi na watano, na fimbo zao na viti vyao vya magurudumu, mvua au theluji. Mume wangu alilijua hilo. Ila kwake yeye ile haikuwa kuendesha gari. Ile ilikuwa kazi, kama kuosha vyombo.

Na nilijua kwamba kile kitabu chake huku hakina nguvu. Nilijifunza hivyo nilipochukua leseni yangu mwenyewe. Ilinipasa nimwambie Jumapili ile ya kwanza. Sikumwambia, wala ya pili, wala ya tisa. Nikijiuliza kwa nini, jibu la kweli ni kwamba nilitaka kuona. Alikuwa anafurahi sana pale mwisho wa meza, na kalamu zake nne, akitupangia kila kitu mpaka dakika za kwenda msalani, na mimi nilikaa na siri yangu kama mtu aliyeficha pipi mdomoni. Ni dhambi, na nimeitubia, ingawa si kwa moyo wote.

Jumamosi ya safari tulikwenda kuchukua gari ya kukodi. Nyuma ya kaunta alikuwepo mzee mmoja mwenye tai na adabu nyingi. Mume wangu akakiweka kile kitabu juu ya kaunta. Yule mzee akakifungua kwa ncha za vidole, akaitazama picha, akamtazama mume wangu, akakifungua ukurasa wa pili.

"Kizuri sana," akasema. "Una na cha hapa, bwana?"

Mume wangu akaanza kumweleza, kwa Kiingereza cha puani, habari za Jumuiya ya Madola. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kuna mwingine mwenye leseni.

Nikaiweka yangu juu ya kaunta.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja na bakuli la visheti mapajani. "Kwani kuna lipi?" akauliza.

"Anasema nisiendeshe mimi, aendeshe huyu," mume wangu akamwambia.

"Si ndiye dereva huyo? Mimi namwona kila asubuhi anaondoka na basi. Ulidhani anakwenda kulipunguzia vumbi?"

Mume wangu akanigeukia. "Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kikao cha kwanza."

Alikaa mbele, upande wa abiria, faili mapajani, na hakusema neno mpaka tulipopita Birmingham. Neno lenyewe lilikuwa "kushoto," na hapakuwa pa kushoto. Tulizunguka kipilefti kimoja mara nne huku binti yetu nyuma akihesabu kwa sauti.

Tulilala njiani usiku wa kwanza, siku ya pili tukavuka kuingia Skotland. Jioni tukafika kwenye ile nyumba kando ya ziwa. Mwenye nyumba akafungua mlango akiwa na tabasamu lililokwisha andaliwa, akatutazama, kisha akatazama nyuma yetu kwenye gari, akiwatafuta wale wenye jina la mtaa. Binti yetu akatoka mbele. Akasema, kwa ile sauti yake ya simu, kwamba ndio sisi.

Yule mama alibadilika rangi mpaka shingoni. Naamini alifikiri vyumba vijae tena, lakini taa za vyumba vyenyewe zilikuwa zinawaka juu ya kichwa chake, na nyuma yake ukumbini hapakuwa na koti la mgeni yeyote. Akatupisha.

"Mwambie nyumba yake nzuri," Mama akaniambia. Nikamwambia. Tukaletewa chai.

Asubuhi mwenye nyumba aligonga mlango kuuliza hiyo ni harufu ya nini. Mama alikuwa amefungua sanduku. Akamkabidhi sambusa kwenye kitambaa cha karatasi, na mwenye nyumba akaila amesimama pale mlangoni, akaomba ya pili, na ya tatu. Sisemi kwamba sambusa iliondoa kitu moyoni mwake. Siku ya kuondoka alimpa mume wangu mkono na kumpongeza kwa Kiingereza chake, kwamba ni kizuri sana. Mume wangu alimshukuru.

Sasa, majani. Nilikuwa nimejitayarisha kuyacheka. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya kumpelekea dada yangu Woolwich. Siku ya tatu tukaingia kwenye msitu ambao barabara yake inafuata mto, na yale maneno yakanikwama. Kulikuwa na miti yenye manjano ya binzari, na mingine rangi ya achari ya embe, na mingine myekundu mpaka ikawa kama imepata aibu. Jua lilikuwa dogo, lakini lilipopita kwenye yale majani, ndani ya gari kukawa kama kumewashwa taa. Binti yetu aliondoa vile vitu vya muziki masikioni.

"Tumechelewa dakika arobaini," mume wangu akasema.

Ratiba yake ilitupa dakika ishirini kila kituo. Tunasimama, tunatazama, mtoto anapiga picha nne, tunaondoka. Yeye mwenyewe hakushuka hata mara moja. Alikaa garini na saa yake, akiweka alama. Bibi wa kazini alikuwa amemwandikia orodha ya vituo tisa, na mume wangu aliapa kumrudia na tisa.

Kwenye kituo cha tano Mama akasema anashuka. Nikamshika mkono tukaingia miongoni mwa miti. Majani yalimfika kwenye vifundo vya miguu, na alitembea akiyakanyaga polepole, akiyasikiliza. Akauweka mkono juu ya gogo moja.

"Huu mti gani?"

"Sijui, Mama."

"Na ule mwekundu?"

Ule pia sikuujua. Akamwita mjukuu wake, na mjukuu alijua mmoja tu, aliosomeshwa shuleni. Akaniambia nimwulize mume wangu. Nikarudi garini, naye akapekua faili lote mbele yangu: maili, vituo vya petroli, simu za hospitali, misikiti ya njiani, saa za magharibi kwa kila mji. Jina la mti halikuwamo hata moja.

Mama alikuwa amenifuata. Akainama dirishani kwake.

"Mwaka mzima mmekaa vikao," akamwambia, "kuja kuwatazama watu msiowajua majina. Shuka, mwanangu."

"Mama, saa—"

"Shuka. Na hilo faili liweke."

Akashuka. Faili akaliweka juu ya paa la gari. Akasimama mikono mifukoni, na koti lake la ofisini, akitazama mbele kama mtu anayengoja kupigwa picha ya pasipoti. Upepo ukaja kidogo na majani yakaanza kuanguka, mengi, bila haraka, mengine yakamtua begani na kichwani. Hakuyafuta. Tukangoja aseme tumechelewa.

"Sikujua kama yana harufu," akasema.

Yalikuwa na harufu, kweli, kama chai iliyomwagika juu ya udongo. Akainama, akaokota konzi moja, akainusa. Akampa mama yake naye anuse. Walikaa pale wawili, wananusa, wanazungumza kitu ambacho sikukisikia, nafikiri ni habari za shamba la mjomba, kwa sababu nilimsikia Mama akicheka na kutaja punda. Tulikaa zaidi ya saa. Tulikula kuku pale pale, tumekaa juu ya majani yenye maji, bila blanketi, kwa sababu blanketi lilikuwa limepangiwa kituo cha saba.

Tulipoondoka hakuna aliyekumbuka faili. Tuligundua baada ya maili ishirini, mume wangu alipotaka kuniambia nikate wapi. Akataka turudi. Akasema ni kazi ya mwaka mzima, imo yote mle. Nikamwuliza arudi kutafuta nini, akasema mpango. Sikugeuza gari. Ndipo nilipogundua kwamba dereva akikataa, mwenyekiti hana la kufanya, na naungama kuwa nilipunguza mwendo kidogo ili nilionje hilo vizuri.

Siku zilizobaki tulikwenda tulikotaka. Kulipotupendeza tulisimama, kulipokuwa na ukungu tulilala ndani ya gari tukala visheti. Mume wangu alikuwa msoma ramani mbaya lakini mwenzi mwema wa njiani. Bila ratiba alianza kuzungumza, na alizungumza mambo ambayo katika miaka yetu yote ya ndoa hakuwahi kunieleza, jinsi alivyoondoka kwao, na nani alimpa viatu. Anwani ya binamu wa Glasgow ilikuwa ndani ya faili, kwa hiyo dagaa walirudi London pamoja nasi, na yule mzee mwenye tai, alipofungua mlango wa gari kuikagua, alirudi nyuma hatua mbili.

Jumatatu mume wangu alimpelekea yule bibi wa kazini picha zetu. Alikaa wiki nzima bila kunisimulia. Siku aliponisimulia, nilikuwa namenya muhogo na yeye amesimama mlangoni pa jikoni.

"Aliziangalia zote," akasema. "Akasema nzuri. Halafu akaniambia za Skotland si kitu. Mtu mwenye kupenda majani kweli huenda Amerika."

Niliweka kisu chini. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia kwetu miti haivui nguo mbele za watu."

Tulicheka mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini, na tulipomweleza hakuona la kuchekesha. Akasema ni kweli, haivui.

Mama alirudi Unguja mwezi wa pili mwaka uliofuata. Alisema baridi imemwingia mpaka kwenye mifupa. Wifi yangu alinipigia simu baadaye kunipa habari zake. Watu wanakuja kumwuliza kuhusu Ulaya, akasema, naye hawaambii kuhusu treni za chini ya ardhi, wala maduka, wala msitu. Anawaambia kuhusu ng'ombe. Siku yetu ya mwisho Skotland tulipita kwenye uwanja uliokuwa na ng'ombe wa kule, wekundu, wenye nywele ndefu zilizowafunika macho yote, na Mama alisimama kwenye ua nusu saa akiwasemesha. Sasa hakuna anayemwamini. Majirani wanasema ng'ombe hawana nywele za usoni na kwamba London imemharibu bibi wa watu macho.

"Anataka utume picha," wifi akaniambia. "Amenihimiza sana. Anasema wamemfanya mwongo mtaa mzima."

Nikamtafuta binti yetu, tukazipekua bahasha zote za picha. Ng'ombe hakuwamo hata mmoja. Mikanda yote mitatu ya kamera ilikuwa imeishia kwenye majani.